Zima, Tuombe

Niseme mapema: sikuwahi kupenda turbo. Watu hufikiri fundi anapenda kila chuma anachokishika. Mimi nilikuwa na gereji ya mabati Kasikeu, nyuma ya soko, na kazi niliyoipenda ilikuwa kubadilisha klachi za pikapu za kubeba kunde na mbaazi. Klachi ikifa, inakufa kwa sababu inayoeleweka. Turbo ikifa, mwenye gari anakuja na hadithi, na hadithi yenyewe haina mwisho mpaka umpe kiti.

Aliyeniletea turbo maishani mwangu ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama. Alikuwa akifanya kazi ya umeme wa magari Nairobi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuteremka melini kwa wingi, alijipatia moja. Ilikuwa nyeupe, na juu ya boneti ilikuwa na tundu la kuvuta upepo. Mama alipoiona mara ya kwanza aliizunguka, akainama, akachungulia lile tundu, akauliza ni nani ameipiga gari ya watu.

Kama hujui turbo ni nini, hujakosa kitu. Ni feni mbili ndogo kwenye chuma kimoja. Moshi wa moto unaotoka injini unazungusha feni ya kwanza, na ya pili inasukumia injini hewa. Injini ikipata hewa nyingi inakunywa petroli nyingi, gari inaruka, na mdogo wangu anafurahi. Hicho chuma cha katikati kinazunguka kwa kasi ya wazimu, na kinachokizuia kisijisage ni oili tu, utando mwembamba wa oili inayopita bila kusimama. Oili ikisimama, kwisha.

Gari hiyo ilikuwa na nguvu za kutosha kumfikisha mtu popote, lakini mdogo wangu hakuwa mtu wa kuridhika. Alitoa eksosi ya kiwandani akaweka bomba pana la kuamsha watu. Alitoa boksi la filta akaacha kichujio wazi kama uyoga. Halafu kwenye ule mpira mdogo unaoiambia turbo "basi, presha imetosha," akaweka kabomba ka shaba, kama kale ka mtungi wa gesi. Ukikafungua kidogo, turbo haisikii inaambiwa nini, inaendelea kusukuma. Kwa ufupi alikuwa amepata njia ya kuidanganya gari yake mwenyewe, na alinionyesha hiyo kazi kwa majivuno kama mtu anayeonyesha mtoto mchanga.

Alitaka mashindano. Kulikuwa na mbio za magari za watu wa kawaida zilizofanywa mwezi wa nane kwenye barabara za vumbi za kwetu, na alikuwa na hakika kwamba akipata gari nzima siku hiyo, hakuna mtu angemwonyesha kisogo. Sitamnyima haki yake: alijua kuendesha. Kila Jumapili alitoka Nairobi, akapitia kwangu Kasikeu tusalimiane, halafu akapanda milima ya Mbooni kwenda kwa mama, karibu na Kikima. Zile kona ndizo zilikuwa mazoezi yake. Watu wa huko juu walikuwa wakimsikia akiwa bado bondeni, gari ikipiga mluzi na eksosi ikitukana, nao wanavuta mbuzi pembeni.

Mama hakuwa akivuta mbuzi. Mama alikuwa akisimama langoni.

Lazima niseme kuhusu baba, ingawa sipendi. Baba alikuwa dereva wa lori. Barabara ya Mombasa ilimchukua hapo chini ya Kiboko, mchana, barabara ikiwa kavu na nyoofu, wakati mimi nilikuwa ninamaliza shule ya msingi na huyu mdogo wangu alikuwa anatambaa. Mama hakuolewa tena, hakulia mbele yetu, na hakupanda tena gari ila kwa lazima. Mimi nilipoamua kuwa fundi alinyamaza. Fundi angalau yuko chini ya gari ikiwa imesimama. Lakini mdogo wangu alipokuja na hicho kitu chenye pua kichwani, alianza kufunga na kuomba siku za Ijumaa.

Basi, turbo ya kwanza ilikufa kabla ya mwezi wa tatu kuisha. Alinijia gari ikitoa moshi wa buluu nyuma kama mtu anayefukiza nyuki.

"Brathe," akasema, "nimeuziwa kitu mbovu."

Niliifungua. Feni ilikuwa inacheza huku na huku, imekula ukuta wa nyumba yake, na oili imejaa kwenye bomba la hewa. Nikamwambia ni kile kichujio chake cha uyoga. Vumbi la Makueni si vumbi la kuchezea, linaingia hata kwenye yai. Nikamrudishia boksi la filta, akatafuta turbo nyingine kwa wauzaji wa spea kuukuu Nairobi, nikaifunga, akaenda zake.

Ya pili haikufika hata mbali hivyo. Mluzi, kisha kelele ya kusaga, kisha moshi uleule. Safari hii vumbi halikuwepo, feni ya hewa ilikuwa safi kabisa, lakini nilipofungua kile kibomba kidogo kinacholeta oili, nikaona ndani kumeshika makaa meusi, magumu, kama chini ya sufuria ya muthokoi iliyosahauliwa jikoni. Oili ilikuwa imeungua ikaziba njia yake. Hapo hata mtoto angejua. Hiyo ni dalili ya mtu anayekimbiza gari mpaka turbo inakuwa nyekundu, halafu anazima injini papo hapo. Oili inasimama, chuma bado ni moto, oili inaiva.

"Unazima gari ikiwa moto," nikamwambia.

"Mimi?"

"Kwani kuna mwingine hapa?"

"Mimi najua turbo kuliko wewe! Kila mahali naiacha iungurume kwanza, ipoe. Nairobi majirani wa ploti wananitukana juu ya hiyo. Hapa kwako naiacha. Si umeniona?"

Ni kweli, nilikuwa nimemwona. Kila Jumapili alifika kwangu, akatoka garini, akaiacha inanguruma hapo nje mpaka wanunuzi wa nyanya wanaanza kulalamika. Nikashindwa. Hakuna kitu kinachonikera kama gari yenye dalili inayosema jambo moja na mwenye gari anayesema lingine, na wote wawili wanaonekana wakweli. Tulirushiana maneno. Nilimwita mwongo, akaniita fundi wa pikapu. La pili lilikuwa kweli.

Tukapanda basi kwenda kwa mama bila kusemezana. Jikoni, mjomba wetu akiwapo, mama akauliza gari iko wapi. Mdogo wangu akasema imeharibika tena. Mama akasema, "Aiya," kwa sauti ambayo haikuwa na huzuni ya kutosha, sasa ndipo ninalikumbuka hilo. Mjomba naye, ambaye hakuna aliyemwuliza, akaanza kuhubiri: mara ngapi mtu aonyeshwe ishara ndiyo aelewe, na kadhalika. Mdogo wangu alikuwa na kichwa chepesi kuwaka. Akainuka akasema mbele yetu wote: "Sawa! Naweka nyingine moja. Hiyo nayo ikivunjika kabla ya mbio, nauza gari, na hamtanisikia tena na mambo ya mashindano. Naapa."

Mama aliacha kukoroga. "Umeapa," akamwambia.

"Nimeapa."

Nyumbani kwetu mtu akiapa mbele ya mama na mjomba, ameapa. Sisi ni watu wa kanisa, na mama alikuwa kiongozi wa akina mama huko. Neno kama hilo halirudi mdomoni.

Turbo ya tatu niliifunga mwenyewe kwa mikono yangu, na niliifunga kwa hasira, ambayo ndiyo njia ninayofanyia kazi nzuri. Kibomba cha oili nikakitoa kabisa nikaweka kipya. Kale kabomba ka shaba nikakang'oa nikakatupa kwa choo cha soko, akapiga kelele, nikamwambia shauri yake. Oili mpya, gasketi mpya, kila nati nikaikaza nikairudia. Halafu nikamwambia: Jumapili tunaenda pamoja. Nikae kando yako nione hiyo gari inakufa vipi.

Tulipanda. Sitaieleza ile safari. Nilishika mlango kwa mkono mmoja na kiti kwa mwingine, na kwenye kona moja juu ya bonde nilimwomba Mungu kwa jina la kila mtu ninayemdai na anayenidai. Lakini sikuona kosa. Presha sawa, oili sawa, sauti safi. Kile kipande cha mwisho kabla ya kwetu kinapanda kama ngazi, na alikikanyaga mpaka juu. Tukatokea langoni, mama akiwa amesimama palepale, leso kiunoni. Mdogo wangu akasimamisha gari. Mkono wake ulikuwa bado kwenye usukani, hata hakuugusa ufunguo.

Mama akainua kiganja. "Zima, tuombe."

Akazima.

Hivi ndivyo ilivyokuwa desturi ya mama, na nilikuwa nimekulia ndani yake mpaka nikaacha kuiona. Mgeni akifika salama, hatoki garini, haulizwi habari, hapewi maji, kabla Mungu hajashukuriwa. Na Mungu hapigiwi kelele na injini. Pikapu ya kanisa ilizimwa, teksi ya Machakos ilizimwa, hata trekta ya kulima ilizimwa. Mama aliweka mkono juu ya boneti, akainamisha kichwa, akaanza kunong'ona, na maombi yake hayakuwa mafupi. Nasi tukakaa ndani na macho yamefumbwa. Na kwenye ule ukimya nikasikia, mbele yetu chini ya boneti, chuma kikilia: ta, ta, ta. Turbo nyekundu, oili imesimama, na mama anaomba.

Nilifumbua macho. Mdogo wangu alikuwa amefumba yake kwa adabu kabisa. Haki ya Mungu nilitaka kucheka na nilitaka kumpiga. Kila mahali anaiacha ipoe! Kila mahali! Ila mahali pamoja tu duniani, mwisho wa mlima mrefu kuliko yote anayopanda, na hapo hakuhesabu kama amezima gari. Hapo alikuwa ameomba.

Sikusema kitu. Najua mtu mwingine angesema palepale. Lakini fikiria mwenyewe: nikimwambia, gari inapona, na mwezi wa nane yuko kwenye mashindano. Nikinyamaza, turbo inakufa baada ya Jumapili kadhaa, na kiapo kinamtoa barabarani. Nilimpenda sana yule kijana. Sikujua kumpenda huko kunataka nifanye lipi kati ya hayo mawili. Jioni aliporudi Nairobi, nikasema mimi nitalala kwa mama, nina kikohozi.

Asubuhi tulikaa nje tukitoa mbaazi kwenye maganda. Kulikuwa na baridi ya Mbooni, na mimi sina kikohozi chochote.

"Mwaitu," nikamwambia, maana mama zetu tunawaita hivyo, "ukiweka mkono kwa ile gari, unaombaga nini?"

"Naombaga."

"Ndiyo, lakini nini?"

Akapuliza maganda kwenye ungo. "Iharibike."

Nikamwangalia.

"Unaniangalia nini? Namwambia Ngai, hiki kitu kiharibike kabla hakijaniharibia mtoto. Na kimeharibika, mara mbili. Si wewe ndiye umekuwa ukikitengeneza?"

Nilimwambia si Ngai, ni ufunguo. Nikamweleza kwa uji, kwa sababu uji anaujua. Moto ukiwa mkali chini na mwiko uendelee kuzunguka, hakuna neno. Ukiacha mwiko ghafla na moto uko palepale, uji unashika chini. Ukisema "zima", mwiko umeachwa. Kwa hivyo ni wewe, Mwaitu. Wewe ndiye unayeua turbo za mtoto wako, kila Jumapili, na mkono juu ya boneti.

Alielewa upesi kuliko mdogo wangu angeelewa.

"Kwa hivyo nikiomba iharibike, ndiyo inaharibika."

"Inaharibika kwa sababu ya kuzima!"

"Na ni nani alinitia moyoni niseme wazime?"

"Hakuna mtu! Ni mazoea yako tu!"

"Wewe ndiye unasema hakuna," akasema, akachukua ganda lingine.

Unabishanaje na mtu kama huyo? Nikapiga ungo teke, mbaazi zikamwagika, na nikasema jambo ambalo sikuwa nimepanga. Nikamwambia: "Na ikivunjika akiwa kwenye kona? Unafikiri itangoja ifike hapa langoni? Vile vipande vya feni vikimezwa na injini, injini inakufa papo hapo. Usukani unakuwa mzito, breki zinakuwa ngumu, na bonde liko pale chini linamngoja. Umeomba iharibike. Umesema iharibikie wapi?"

Mama aliacha mikono yake mapajani. Mbaazi zilikuwa zimetapakaa kila mahali na kuku walikuwa wamekuja, na hakuwafukuza.

"Sikusema wapi," akajibu.

Alikuwa ameogopa. Sikuwahi kumwona mama akiogopa, hata siku ile ya baba, au labda siku ile nilikuwa mdogo sikujua woga wa mtu mzima unafananaje. Nilijuta kupiga ungo. Nikaanza kuokota mbaazi, moja moja, nikigombana na kuku. Baadaye akasema: "Usimwambie kitu. Jumapili uje."

Jumapili nilikuwa pale mapema. Tulimsikia kutoka bondeni, kama kawaida, ule mluzi, na kila akiingia kona sauti inapotea, na mama anashika nguzo ya lango mpaka irudi. Nilikuwa sijawahi kuwa upande ule wa lango. Mimi siku zote nilikuwa gereji, ambako sauti yake ilikuwa sauti ya gari tu.

Akatokea, akasimama, vumbi likatupita. Akashusha dirisha, akatabasamu, akapeleka mkono kwa ufunguo mwenyewe, bila kuambiwa.

"Iache," mama akasema.

"Nini?"

"Usizime. Iache iungurume."

Mdogo wangu akanitazama mimi. Mimi nikatazama mwembe wa jirani.

Mama akaweka mkono juu ya boneti, akaurudisha upesi kwa joto, akaufunga kwa pindo la leso, akauweka tena. Akaanza kunong'ona kama siku zote. Lakini lile bomba pana halikuwekwa kwa ajili ya kunong'oniwa. Nadhani hakujisikia mwenyewe. Akapandisha sauti kidogo, eksosi ikamfunika. Akapandisha tena. Mwisho mama yangu, ambaye maisha yake yote aliomba kama mtu anayeongea na aliyelala, alikuwa anapiga kelele kwa Kikamba mpaka majirani wakaja kwenye ua.

Alimwambia Ngai afute yale aliyomwomba kwanza. Akasema alikuwa mjinga, aliomba chuma kivunjike na mtoto yuko ndani ya chuma. Akasema, ulimchukua baba yao mchana kweupe, sikukuuliza. Nililea hawa wawili, sikukuuliza. Huyu wa mwisho nikimsikia bondeni sipumui mpaka nione taa zake. Kila Jumapili sipumui. Nimechoka, Ngai. Kama anataka kukimbia, basi akimbie, lakini wewe mwenyewe ukae pale mbele kando yake, kwa sababu mimi siwezi. Nimechoka kusimama hapa.

Akasema amina. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, oili inazunguka, turbo inapoa vizuri kabisa jinsi kitabu chochote kingetaka.

Mdogo wangu alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili na kuutazama katikati. Alikuwa hajawahi kusikia maombi hayo. Miezi yote hiyo alikuwa amekaa pale ndani, macho yamefumbwa, mama yuko hatua mbili mbele yake, na hakuwahi kusikia hata neno moja. Halafu akazima, akatoka, akamwambia mama, "Mwaitu, ingia ndani, kuna upepo."

Ile turbo ya tatu haikuvunjika kamwe. Nasema haya kwa uchungu kidogo wa kikazi, kwa sababu ndiyo kazi safi kuliko zote nilizowahi kufunga na hakuna aliyenishukuru. Kiapo hakikumgusa: gari ilikuwa nzima, mwezi wa nane ukafika. Ijumaa ya kuamkia mbio alipita kwangu akasema ana kazi Nairobi kesho, hatakwenda. Sikumwuliza ni kazi gani. Nilimwambia tu abadilishe oili, akasema sawa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwa mama. Tulisimama langoni, tukasikiliza bondeni, hatukusikia kitu. Nikafikiri hakuja. Mama alikuwa ameshika nguzo. Halafu gari ikatokea kwenye kona, nyeupe, polepole, nyuma ya mwanamke aliyebeba kuni, ikimfuata bila kupiga honi mpaka akapata nafasi ya kupisha.

Ilifika hapo langoni, nikaweka mkono juu ya boneti. Ilikuwa vuguvugu tu. Hapakuwa na haja ya kungoja chochote kipoe. Nikamwambia, "Unaweza kuzima."

"Najua," akasema, na hakuzima. Alikuwa anamngoja mama aje mbele, aweke mkono, apige kelele.